Ticha kaniumbua ndani ya daladala!

Mwenzenu wiki hii sina raha. Nimeumbuliwa! Tena mchana kweupe, mbele ya kadamnasi, ndani ya daladala ya Gongo la Mboto. Kaa vizuri nikupe mkasa mzima.

Mtakumbuka wiki tatu zilizopita niliwapasha walimu hapa hapa. Nilisema walimu wa siku hizi wamegeuka wauza barafu, ubuyu na karanga. Nikamalizia kwa mbwembwe kwamba enzi za wazee wetu mwalimu alikuwa mwalimu, siku hizi ni mchuuzi mwenye chaki mkononi. Washikaji wa kijiweni walinipa tano. Mmoja akanunua na soda. Nikajiona mwandishi kweli kweli.

Kumbe gazeti hili linasomwa na watu wengi kuliko nilivyodhani.

Basi Ijumaa, saa kumi na moja jioni, niko Buguruni nagombania usafiri. Madenti wamejaa kituoni kama kumbikumbi. Konda kauweka mkono mlangoni kama geti: "Denti wawili tu! Wengine subirini linalokuja!" Si mnajua tena, nauli ya denti shilingi 200, na kwa konda kila denti aliyepanda ni mtu mzima aliyeachwa barabarani. Kulikuwa na kabinti kamoja, begi kubwa kuliko mgongo, kanasukumwa huku na kule na macho yameanza kulengwalengwa.

Mimi nilishakaa. Nilikaona, nikageuza uso dirishani. Nasema kweli tu.

Mara nyuma yangu sauti ya mama ikasema: "Konda, mwache huyo apande. Nauli yake nalipa mimi, tena ya mtu mzima."

Sauti ile! Miaka chungu nzima sijaisikia, lakini mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Nikageuka polepole. Alikuwa ticha wangu wa Bailojia, aliyenifundisha kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Kumbe bado unajua kuwaamkia wauza barafu?"

Lo! Daladala zima likanyamaza. Hata yule jamaa aliyekuwa anabishana na simu yake akaikata. Kwenye mfuko wa Madam nikaliona gazeti, limekunjwa kwenye ukurasa ninaoujua.

"Nimekusoma mwanangu," akasema. "Kiswahili kizuri, umenifurahisha. Sasa na mimi naomba dakika mbili tatu za kusema. Nauza barafu, ndiyo. Nilikuwa nauza ulipokuwa unasoma, na leo nauza. Unajua kwa nini?"

Nikatikisa kichwa kama nipo darasani.

Akaeleza bila kificho. Alikopa benki akajenga vyumba viwili huko Chanika, makato yakawa yanakwenda vizuri. Mtoto akaugua, akaingia kwa wale jamaa wa mikopo ya kausha damu. Wakachukua kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mwisho wa mwezi wao ndio waliokuwa wakienda kwenye mashine kuchukua mshahara, yeye anakaa kusubiri kurushiwa mabaki. "Barafu mwanangu ndiyo iliyonilipia nauli ya kuja kuwafundisha. Bila barafu msingeniona darasani kuanzia tarehe 10."

Konda akadakia: "Mpashe huyo Madam, mpashe!"

"Na wewe nakudai," akaendelea.

"Mimi Madam?"

"Kidato cha pili. Barafu 23 za shilingi 50. Daftari la madeni ninalo mpaka leo." Abiria wakaangua kicheko. Nami nikacheka, cha kuficha aibu. Lakini yeye hakucheka. "Nilikuwa nakuona kipindi cha saba kichwa kiko juu ya dawati. Wenzangu walisema mvivu. Hukuwa na uvivu, ulikuwa na njaa. Ningekupa bure ungekataa, maana ulikuwa na nyodo. Ndiyo nikakukopesha."

Msomaji wangu, nilitamani Tazara ifike niteremke, japo nyumbani ni mbali.

Madam akaona nimelainika, akanipa hesabu. "Nina mikondo minne ya kidato cha pili, kila mkondo watoto 80 na ushee. Tufanye 80. Nikitoa zoezi moja ni madaftari mangapi?" Mia tatu na ishirini. "Kila daftari dakika tatu tu." Nikatoa simu, nikapiga: dakika 960. Saa 16! Hilo ni zoezi moja, somo moja. Bado hajafundisha, hajaandaa somo, hajapika, hajalala. "Sasa ukimkuta mwalimu kapiga vema ukurasa mzima bila kusoma," akasema, "mlaumu, ana makosa. Lakini kwanza piga hiyo hesabu."

Hapo niwakumbushe kidogo tulikotoka. Mimi niliingia kidato cha kwanza Januari 2013. Shule ya kutwa ilikuwa ada shilingi 20,000 kwa mwaka, halafu michango: mlinzi, dawati, mitihani, ukikosa unarudishwa nyumbani. Januari 2016, niko kidato cha nne, Serikali ikafuta ada mpaka kidato cha nne. Mwaka 2022 ikasogeza hadi kidato cha sita. Lilikuwa jambo la maana, nani atabisha? Maza wangu alipiga vigelegele. Watoto waliokuwa wanauza maji barabarani tukawaona wamevaa sare. Lakini madarasa ni yale yale, ticha ni yule yule mmoja, na wazazi wengi waliposikia elimu bure wakadhani hata uji wa mtoto unaletwa na Serikali. Wakati huo huo mtaani wamejaa walimu wenye vyeti, wengine wamehitimu tangu 2015, wanaendesha bodaboda na kusubiri kuitwa kwenye usaili. Watoto wanamtafuta mwalimu, mwalimu anatafuta kazi, na wote wanapishana barabara moja!

Kizazi chetu nacho ni kizazi cha majaribio. Hatujamaliza hata mwezi na nusu kidato cha kwanza, Februari 2013 yakatoka matokeo ya kaka na dada zetu wa kidato cha nne: zaidi ya nusu wamekula sifuri. Ikaundwa tume, na Mei mwaka huo matokeo yakapangwa upya. Mwaka 2014 tukaambiwa hakuna tena divisheni, kuna distinkisheni na meriti. Mwaka 2016 zamu yetu ilipofika, divisheni zikarudi. Mimi nikaambulia foo ya pointi 28. Hakuna aliyetuuliza chochote.

Basi, turudi kwenye daladala. Tumepita Tazara, foleni si mchezo. Madam akaniuliza: "Hivi ulikuwa unaelewa nikifundisha?"

"Ulipokuwa unafunga mlango, Madam."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Waliosoma hizi shule zetu wananipata. Ticha anaingia, anafundisha kwa Kiingereza kama kanuni inavyotaka. Darasa kimya, watu wanamwangalia kama sanamu. Anauliza swali, hakuna mkono. Basi anafunga mlango, anashuka chini ya ung'eng'e, anamwaga Kiswahili: jani linatumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, kama mama anavyotumia moto kupika ugali, unga wenyewe ni maji na hewa ukaa. Ghafla mikono inajaa hewani! Kengele ikikaribia anafungua mlango, anatuandikisha nondo kwa Kiingereza, tunazikariri herufi kwa herufi. Kwenye mtihani swali likigeuzwa kidogo tu, kwisha habari yetu. Jani tulilijua, sema tulilijua kwa lugha ambayo karatasi haikuitaka.

Na ubishi huu si wa leo. Tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishapendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Sera ya mwaka 2014 ikaja na lugha zote mbili. Mpaka leo mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, akivuka geti la sekondari anabadilishiwa lugha kama anavyobadilishiwa sare.

Mama mmoja aliyekaa mbele akageuka: "Kiswahili kitampeleka wapi mtoto? Kazi zote wanahoji kwa Kiingereza." Kijana wa mlangoni akajibu: "Sasa mama, asiposoma akaelewa, atahojiwa kuhusu nini?" Likawaka! Nusu daladala huku, nusu kule. Madam akawaacha, akaniambia kwa sauti ya chini: "Wote wana haki. Kiingereza kifundishwe kama somo, kifundishwe vizuri, na aliyekiva kweli. Lakini mimi si mwalimu wa Kiingereza. Mimi ni wa mioyo na mapafu."

Nikaona hapo hapo nimchomekee shida yangu. Mdogo wangu wa mwisho yumo kwenye kundi lililoanza darasa la tatu Januari 2024 na mtaala mpya. Hawa wanamaliza la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia kwa darasa moja wanamaliza la saba. Maana yake Januari 2028 makundi mawili yanagonga hodi sekondari kwa mpigo. Maza hapati usingizi. Anataka bibie ahamishiwe Englishi midiamu haraka, na ada anaijua inatoka wapi: kwenye milioni moja na laki nane ninayodunduliza ninunue bodaboda. Kila nikirudi nyumbani naambiwa: "Nyie wakubwa mlipita tu, basi mwacheni huyu naye apite vizuri." Utasema nini hapo?

Madam hakunijibu kama nilivyotaka. Alisema shule za kulipia zipo nzuri, na zipo zinazopaka rangi geti halafu zinawachuja wanafunzi ili mabango yapendeze. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza kumi bora, matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yalipotoka Januari 2023 hatukuziona tena, lakini mabango hayajaacha. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Daftari la mdogo wako umelifungua lini?"

Kimya.

"Anasoma?"

"Anasoma Madam, sana tu."

"Nimeuliza, umelifungua lini?"

Msomaji, mtu akibanwa mbavu huwa anarusha ngumi. Mimi nikarusha. Nikamwambia: "Madam, yote sawa. Lakini na viboko je? Kanuni inasema visizidi vinne, mkuu wa shule atoe kibali, na viandikwe kitabuni. Kidato cha tatu ulimchapa mshikaji wangu niliyekaa naye dawati moja. Vilikuwa 11. Nilivihesabu."

Hakuna aliyecheka. Wote tunajua mwaka 2018 kule Kagera mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu wake. Tangu hapo neno kiboko halichekeshi sana.

Kutoka Vingunguti mpaka Uwanja wa Ndege Madam hakutoa neno. Nikaanza kujuta. Ndipo akasema, huku anaangalia mikono yake: "Siku ile ilikuwa mwisho wa mwezi. Jamaa wa mikopo walikuwa wamechukua yote, hawakuniachia hata mia. Nilikuwa namchapa yule jamaa wa mikopo. Lakini mgongo ulikuwa wa mtoto." Akanyamaza tena. "Yuko wapi?"

"Aliacha shule wiki ile ile. Anakaanga chipsi Ukonga, pale kona ya Mombasa."

"Pale?" Akashtuka. "Napita pale kila siku. Huwa hanisalimii. Nilidhani hanikumbuki."

"Anakukumbuka, Madam."

Niwaambie kitu kuhusu huyo mshikaji. Alikuwa anatengeneza redio na pasi za mtaa mzima akiwa na miaka 15, ndiyo maana alikuwa anachelewa shule. Siku hizi mtaala mpya una mkondo wa amali, mtoto wa aina hiyo anafundishwa ufundi na anapewa cheti. Enzi zetu jina lake lilikuwa mtoro.

Tulipofika Ukonga Mombasa, Madam akasimama. Akamlipia yule denti, akaniambia "Msalimie mama yako," akashuka. Nikachungulia dirishani. Alisimama kituoni kidogo, mkoba kaushika kwa mikono miwili kama mwanafunzi mgeni, halafu akaanza kutembea kuelekea kona ya chipsi. Konda akagonga bodi, gari likaondoka. Sikuona zaidi.

Usiku huo sikwenda kijiweni. Nilimwita bibie mdogo, nikamwambia lete begi. Daftari la hisabati: ukurasa wa kwanza vema, wa pili vema, wa nne 7 mara 8 ni 54, vema! Daftari la Kiingereza mwandiko mzuri ajabu. Nikamwambia nisomee. Akasoma hadithi ya sungura na kobe kwa ung'eng'e bila kukwama, kama mtangazaji wa redio. Maza akawa anapiga makofi jikoni.

"Safi," nikasema. "Sasa niambie, sungura alifanya nini?"

Akaniangalia. Akaangalia daftari. Akaniangalia tena. "Kaka, hapo hatujaambiwa."

Nilikaa pale mkekani muda mrefu. Nilijiona mimi mwenyewe, kidato cha pili, nakariri jani lisilonihusu. Hii nyumba ina watu wazima watatu wanaojua kusoma. Kila siku tunamwuliza bibie "umekula?", "umeoga?", na mwaka mzima hakuna aliyemwuliza "umeelewa nini?" Halafu mimi nakwenda gazetini kuandika kuhusu barafu!

Kwa hiyo hali ikoje? Sijatoa ile milioni na laki nane, na sijainyima. Maza ameninunia, anasema nakwepa. Tumekubaliana jambo moja tu kwanza: kila jioni nusu saa, daftari linafunguliwa, ukurasa mmoja unasomwa, na bibie anatueleza kwa Kiswahili kilichomo kabla hatujarudi kwenye Kiingereza. Jumatatu nilikwenda shuleni kwao kumwona mwalimu wa darasa. Sikwenda kugomba. Nilimwonyesha ile 54. Aliona haya, akaniambia wako 94 darasani, kisha akasema mimi ni mzazi wa pili kufika tangu muhula uanze. Wa pili! Kati ya watoto 94!

Nisieleweke vibaya, kusaidia daftari nyumbani hakujengi darasa. Dada anayerudi kiwandani saa tatu usiku hana hiyo nusu saa, na baba asiyejua kusoma hawezi kuikamata ile 54. Walimu waliojaa mtaani wapelekwe madarasani, lugha iamuliwe, na kiboko cha hasira kikome. Hayo nayadai na nitazidi kuyadai hapa hapa. Ila nilichoandika wiki tatu zilizopita kilikuwa cha kuchekesha kijiwe, na kijiwe kilicheka. Kwa walimu wote wauza barafu, mwenzenu naomba radhi.

Jumanne nilipita kona ya chipsi. Nikamwuliza mshikaji kama Ticha alifika.

"Alifika. Aliniomba msamaha mbele ya wateja. Mpaka mafuta yakataka kuungua."

"Ukamjibu nini?"

Akageuza viazi kwenye karai, akakaa kimya kidogo. "Nilimwuliza anataka pilipili au tomato."

"Akasema?"

"Tomato. Na jana karudi tena."

Sikuuliza zaidi. Mambo mengine hayataki mwandishi.

Na lile deni langu? Barafu 23 kwa shilingi 50 ni 1,150. Nikatafuta namba ya Madam kwa washikaji niliosoma nao, nikamrushia elfu tano na maneno ya kishkaji: "Madam, chenji weka." Baada ya dakika tano simu ikalia meseji: "Deni lako nimelifuta kitabuni. Iliyobaki ni barafu 38 za shilingi 100, na hela 50 nakudai wewe sasa maana nimeongezea ya mwisho. Kesho kipindi cha saba watakula wale wanaolala."

Nikapiga hesabu: 5,000 toa 1,150 ni 3,850. Barafu 38 ni 3,800. Inabaki 50, yeye ndiye anayedaiwa! Nikamwandikia haraka: "Madam, hesabu yako haijakaa sawa, wewe ndiye unayedaiwa hiyo 50."

Akajibu: "Vema. Nilitaka nione kama siku hizi unasoma."

Haya wapenzi, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Na kabla hujalikunja gazeti hili, kama nyumbani kuna denti, mwambie alete daftari.